Nani Akate Tiketi ya Fungate?



Jumapili moja jioni tulipata wageni wawili hapa nyumbani kwetu Berchem-Sainte-Agathe, au Sint-Agatha-Berchem kama wasemavyo majirani zetu wanaotumia Kiholanzi. Mmoja ni binti yetu, mtoto wa kaka yake mmoja wetu. Wa pili ni mchumba wake, kijana aliyezaliwa hapahapa Brussels kwa wazazi waliotoka Lubumbashi. Walishuka tramu namba 19 kwenye uwanja wa Daktari Schweitzer, wakapanda ngazi bila kusemezana, wakatuamkia, tukaitikia. Kabla chai haijamiminwa tulikwisha kujua kwamba wamegombana njiani.

"Shangazi," alisema binti, "tuamulieni, maana sisi tumeshindwa."

Ugomvi wenyewe ulikuwa mdogo kuusikia. Ndoa yao itafungwa mwezi wa tano, kwanza manispaa kama sheria ya Ubelgiji inavyotaka, kisha kanisani. Baada ya hapo watakwenda fungate Zanzibar. Kijana anataka wajikatie tiketi na kujitafutia hoteli wenyewe kwenye intaneti. Binti anataka waende kwa wakala wa safari, wamweleze wanachotaka, walipe, wasubiri siku ifike.

"Kumlipa mtu akubonyezee kompyuta ni kujidharau," kijana alisema. "Sisi si watu tusiojua kusoma."

Binti akajibu, "Ukumbi nimetafuta mimi, keki mimi, nguo za wasimamizi mimi, makaratasi ya manispaa mimi. Safari nataka nipangiwe."

Tuliwapa chakula, tukawaomba watuachie wiki mbili. Pengine walidhani tunakwepa. Ukweli ni kwamba swali lao lilitugusa mahali panapouma, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kulijibu, tena vibaya. Haya tunayoyaandika ndiyo majibu yetu kwao. Tumeona tuyatoe hapa kwa sababu vijana wetu wengi walioko ughaibuni wanaoa na kuolewa, na wengi wao swali hili linawangoja.

Tuanze na neno. Fungate asili yake ni hesabu. Kabla ya sita na saba za Kiarabu kuenea, wazee wa pwani walihesabu tano, tandatu, fungate, nane, kenda, kumi. Fungate ni saba, na fungate ya harusi ni zile siku saba ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani wasipike, wasifue, wasichote maji. Chakula hutoka kwa wazazi wa mke. Somo au kungwi wa bibi harusi huwa karibu, akiwatazama na kuwahudumia. Mmoja wetu, aliyekulia Tanga, ameyaona hayo kwa macho yake. Mwenzake ni mtu wa Bukavu na alikua katika desturi nyingine, lakini hata huko, siku ng'ombe wa mahari wanapozungumzwa, bwana harusi hukaa kimya na wazee ndio husema.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kupangiwa fungate ni uvivu wa vijana wa sasa, tutamwambia hajui fungate ilikotoka. Fungate ilikuwa kupangiwa tangu mwanzo. Watu wawili walipewa siku saba za kutoulizwa chochote. Ndugu na majirani waliubeba mzigo wa dunia kwa juma moja, ili wale wawili wapate nafasi ya kujuana.

Huku tuliko, ndugu na majirani hao hawapo. Shangazi yuko Tanga, somo yuko Mombasa, mama yuko Bukavu na simu inakatika katikati ya maneno. Hapa kuna kazi ya zamu, kodi ya nyumba, na siku za likizo zinazohesabiwa kwa vidole. Jambo lililofanywa na ukoo mzima limewaangukia watu wawili na kompyuta moja. Hapo ndipo wakala anapoingia, na hapo ndipo swali linapoanza. Tunapomlipa mgeni atupangie fungate, tunanunua nini hasa?

Sasa tuseme yaliyotupata sisi. Tulifunga ndoa hapahapa Berchem mwaka 2011, tukapanga kwenda Zanzibar miezi miwili baadaye. Wakala hatukumtaka. Tulikuwa na fedha kidogo na kiburi kingi. Mmoja wetu alikesha siku tatu mbele ya kompyuta huku mwenzake akiwa kazini zamu ya usiku, na asubuhi ya siku ya nne tukawapigia simu ndugu wa pande zote mbili. Tumekata tiketi! Tumepata za rahisi! Tumeokoa karibu euro 200!

Euro hizo tuliziokoa namna hii. Badala ya kununua tiketi moja kutoka Brussels mpaka Zanzibar, tulinunua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kutufikisha Nairobi. Ya pili, ya shirika jingine, ilikuwa ya kututoa Nairobi mpaka kisiwani. Kati ya ndege na ndege tuliacha saa tatu. Asiyejua atasema ni mamoja, na sisi tulikuwa hatujui. Mwenye tiketi moja ni mzigo wa shirika mpaka mwisho wa safari: ndege ya kwanza ikichelewa, wao ndio wenye wajibu wa kumtafutia nyingine. Mwenye tiketi mbili ni abiria wa watu wawili wasiojuana. Ndege yetu ya kwanza ilichelewa saa nne. Tulipofika Nairobi, ya pili ilikwisha kuruka. Kwenye dirisha tukaelezwa kwa adabu kabisa kwamba katika daftari lao sisi ndio ambao hatukutokea, na kwamba kwa kutotokea huko hata safari ya kurudi imefutwa.

Tukakaa kwenye benchi na masanduku yetu. Hapo ndipo mmoja wetu alipomgeukia mwenzake akasema, "Umekata tiketi gani wewe?"

Tafadhali, msomaji, litazame neno hilo. Nyumbani Berchem lilikuwa *tumekata*. Uwanjani Nairobi likawa *umekata*. Ni herufi moja tu iliyoanguka, lakini aliyekesha siku tatu aliisikia ikianguka.

Tulifika Zanzibar kesho yake, kwa tiketi mpya zilizokula zile euro 200 na nyingine juu yake. Bahari ya Paje ilikuwa palepale, maji yakijaa na kupwa, akina mama wakishughulika na mwani wao, nasi tumenuniana. Katika siku saba za fungate, tatu zilikwenda hivyo.

Tangu wakati huo tumejiuliza mara nyingi: tungalikwenda kwa wakala, nini kingalikuwa tofauti? Ndege ingaliweza kuchelewa vilevile, maana wakala hana amri juu ya mawingu wala injini. Huenda angalitukatia tiketi moja, huenda asingalifanya hivyo. Lakini jambo moja tuna hakika nalo. Pale kwenye benchi tungalikuwa watu wawili upande mmoja, na mtu wa tatu upande wa pili. Tungalimpigia simu pamoja, tungalimlalamikia pamoja, na usiku pengine tungalicheka pamoja.

Je, hiyo ni sababu ya haki, kumlipa mtu ili awepo wa kulaumiwa? Ikisemwa hivyo inasikika kama woga. Lakini watu wetu wanaijua kazi hiyo tangu zamani na wameipa jina la heshima. Mwenye kazi hiyo ni mshenga.

Wageni hufikiri mshenga hutumwa kwa sababu familia mbili hazijuani. La hasha. Mara nyingi zinajuana sana, pengine zinateka maji bomba moja. Mshenga hutumwa ili neno zito lipate mahali pa kutua. Baba wa binti akisema kwamba kilicholetwa hakitoshi, amemwambia mshenga, hajamwambia mkwe wake. Upande wa kijana wakipandwa na hasira, wamemkasirikia mshenga. Naye huyachuja yote, akafikisha lile tu ambalo juu yake nyumba inaweza kujengwa. Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Sisi tunaona kwamba methali hiyo haimhurumii mjumbe tu. Inatukumbusha pia kwamba mjumbe yupo ili waliomtuma wasiumizane.

Basi binti yetu alipotaka wakala, hatukumwona mvivu. Alikuwa akitafuta mshenga, mtu wa kusimama kati ya ndoa yake changa na mambo yanayoweza kuharibika.

Lakini mshenga ana sharti lake: ajulikane ametumwa na nani. Mshenga wa kijana anajulikana kuwa ni wa kijana, wala hakuna anayedanganyika. Wakala wa safari je? Anatuita wateja wake, lakini kwa miaka mingi riziki yake ilitoka upande wa pili, maana mashirika ya ndege yalimlipa asilimia fulani ya kila tiketi aliyouza, na hoteli vivyo hivyo. Huko Marekani mashirika makubwa ya ndege yaliacha kulipa kamisheni hiyo ya kawaida mwaka 2002, na mawakala wengi, huko na huku Ulaya, wakalazimika kumtoza msafiri ada waziwazi. Watu walinung'unika. Sisi tunaiona ada hiyo ni jambo jema. Mshenga unayemlisha wewe unajua chakula chake kinatoka wapi. Anayelishwa na upande wa pili usishangae akikusifia hoteli moja kila mara.

Kijana wetu atasema: ndiyo maana mimi namkwepa. Hapo inabidi tumwambie kwa upole kwamba hajamkwepa. Anapofungua Booking.com, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1996, au Expedia, iliyozaliwa mwaka huohuo ndani ya Microsoft, ameingia dukani kwa wakala. Hoteli ya Nungwi inayouza chumba chake pale inatoa kamisheni, na bei ya chumba haikusahau hilo. Tofauti ni kwamba wakala huyu hana uso. Pasipoti yako hajaitia machoni. Anaweza kukuuzia tiketi inayopitia nchi ambayo, kwa pasipoti uliyo nayo, unahitaji viza hata ya kubadilisha ndege tu, wala asikuulize. Huenda asikukumbushe kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni aingiaye Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine aliyoikata Ulaya. Kwa Mbelgiji haya ni usumbufu mdogo. Kwetu sisi, ambao ndani ya nyumba moja mna pasipoti za nchi mbili au tatu, haya ndiyo yanayoamua kama mtasafiri pamoja au mmoja atabaki uwanjani akipunga mkono.

Kwa hiyo chaguo la vijana wetu halikuwa kati ya kuwa na mshenga na kutokuwa naye. Mshenga yupo siku zote. Yupo mwenye uso, na yupo asiye na uso.

Tusionekane tunawapigia debe mawakala, maana uso nao hudanganya. Rafiki zetu wawili waliooana mwaka 2014 walimwendea mtu wa jamii yetu aliyekuwa akiuza tiketi, mtu tuliyemwona kwenye kila harusi na kila matanga. Walimpa fedha taslimu bila risiti, kwa sababu kumdai ndugu risiti ni kama kumtukana. Akawapa karatasi yenye herufi na tarakimu sita. Walipofika uwanjani Zaventem ikabainika kwamba zile sita ni namba ya kushikiwa kiti, na kwamba kiti chenyewe kiliachiwa siku nyingi kwa kuwa hakikulipiwa. Tiketi iliyolipiwa ina namba yake yenye tarakimu 13. Hiyo hawakuwahi kupewa, wala hawakujua kuiomba. Hawakwenda polisi, kwani ndugu atashitakiwaje? Walirudi nyumbani na masanduku yao, na kwa miezi kadhaa waliwaambia watu kwamba fungate ilikuwa nzuri sana.

Sisi pia walituambia hivyo, nasi tuliwaamini. Tulipokuja kuujua ukweli, kilichotuumiza zaidi ya zile fedha ni kwamba walilazimika kuibeba aibu isiyo yao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tukumbuke kwamba hata mshenga hapokelewi mikono mitupu. Huja na barua ya posa, iliyoandikwa na kutiwa sahihi, ingawa anatoka mtaa wa pili na kila mtu anamjua. Wazee hawakuiona barua hiyo kuwa dharau. Waliona kwamba neno likiandikwa linamlinda anayelitoa na anayelipokea. Kwa nini basi sisi tuone haya kumwambia ndugu yetu anayeuza tiketi, "Naomba mkataba, naomba risiti, naomba namba ya tiketi"? Ndugu mwaminifu hataona ubaya. Asiye mwaminifu ndiye atakayesema umemvunjia heshima.

Watu wa Ulaya nao walipata taabu hii kabla yetu. Tarehe 5 Julai 1841 Mwingereza Thomas Cook, seremala na mhubiri wa Kibaptisti, aliwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga ulevi, kila mtu kwa shilingi moja. Kutokana na safari ile fupi ilikua kampuni iliyobeba jina lake kwa miaka 178. Ilianguka tarehe 23 Septemba 2019, wasafiri wake wapatao 600,000 wakiwa ugenini, na siku chache baadaye tawi lake la Ubelgiji nalo likafilisika. Wazee wetu wa hapa walikwisha kuona jambo kama hilo. Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji tangu mwaka 1923, lililowaleta wengi wao kutoka Kinshasa na Kigali, lilifilisika tarehe 7 Novemba 2001. Jina kubwa halimhakikishii mtu kufika.

Kwa hiyo likatafutwa jibu la sheria. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 21 Novemba 2017, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2018 kufuatana na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015, kwa ufupi inasema hivi. Mtu akikuuzia safari kama fungu moja, yaani angalau huduma mbili za safari ileile, kama vile ndege na hoteli, basi mwandaaji wa fungu hilo ndiye anayejibu kwa kila kilichomo. Hoteli ya Paje ikikosea, utamdai yeye aliyeko Ubelgiji. Ukikwama kurudi kwa jambo lisilozuilika, lazima akugharimie malazi hadi usiku tatu. Akipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8, unaweza kuvunja mkataba bila faini. Na lazima awe na dhamana ya kukurudishia fedha, na kukurudisha nyumbani, iwapo atafilisika. Hata kwenye intaneti, ukichagua ndege na hoteli katika kikapu kimoja na kuvilipia pamoja, hilo ni fungu na kinga yake ni hiyohiyo. Lakini ukienda kwa wakala ukanunua tiketi ya ndege peke yake, umenunua ushauri na kazi yake. Dhamana hiyo hukuinunua.

Utaona basi kwamba mpaka wa sheria haukupita kati ya wakala na kujikatia mwenyewe. Umepita kati ya kuwa na mmoja anayejibu kwa safari nzima, na kuwa na wengi ambao kila mmoja anajibu kwa kipande chake. Tiketi zetu mbili za mwaka 2011 zilikuwa vipande. Mwezi wa Machi 2020, korona ilipofunga anga, jambo hili lilionekana tena. Serikali ya Ubelgiji iliwaruhusu waandaaji wa safari kutoa hati ya thamani badala ya kurudisha fedha mara moja. Wasafiri walilalamika, tena kwa haki, lakini walijua mlango wa kugonga. Waliokuwa na vipande vitano walikuwa na milango mitano.

Hata hivyo sheria ina mwisho wake. Inaweza kukurudishia euro zako, lakini siku tatu za kununiana haijui kuzirudisha. Kwa hiyo tukarudi kwa vijana wetu tukiwa bado na swali ambalo sheria hailigusi.

Tulimpigia simu kijana. Tukamwuliza: ulisema mtajipangia wenyewe, katika hao wenyewe, nani atakesha kulinganisha bei? Nani ataandikiana na hoteli? Nani atakumbuka viza na bima, na kuhakikisha kwamba majina kwenye tiketi ni sawasawa na ya pasipoti?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Yeye ni hodari zaidi kwa mambo hayo."

Hapo tukaelewa ugomvi ulikuwa wa nini. Kijana hakusema uongo alipotumia neno "wenyewe", na wala si mtu mbaya. Alisema tu kama wengi wetu tusemavyo. Neno "sisi" ni tamu na ni pana, na upana wake unaweza kuficha kwamba ndani yake yuko mmoja anayefanya kazi na mwingine anayengoja matokeo. Mambo yakienda vizuri, wote wawili *tumekata*. Yakiharibika, mmoja *umekata*. Anayengoja huwa amejiwekea haki ya kulalamika bila kulipa chochote. Binti yetu aliyafanya ya ukumbi, ya keki na ya manispaa kwa jina la "sisi". Aliposema anataka kupangiwa, alikuwa anaomba, kwa mara moja tu kabla ya kuolewa, awe upande wa wanaopokea.

Hapa ndipo tunapotoa hukumu yetu, na tunaitoa kwa unyenyekevu wa watu waliokosea.

Kujipangia ni jema. Hatutaki mtu atoke hapa akifikiri kwamba tunaogopa kompyuta. Mtu hujifunza mengi kuhusu mwenzake wanapokaa pamoja mezani wakichagua kati ya chumba kinachotazama bahari na siku mbili zaidi za kukaa. Atajua nani anaogopa kutumia, nani anaogopa kukosa, nani husema "chagua wewe" na kumaanisha, na nani husema hivyo huku ana jibu lake moyoni. Wenye muda wa kukaa hivyo, wote wawili, na wakubaliane mapema kwamba kosa lolote litaitwa letu, wajikatie wenyewe. Watafute tiketi moja badala ya mbili, waweke vitu katika fungu moja wakiweza, na Mungu awatangulie.

Kukabidhi nako ni kwema. Mnapokuwa mmechoka, au mmoja wenu ndiye aliyechoka, mpeni kazi mtu wa tatu mwenye mlango unaojulikana na mkataba ulioandikwa, na ada yake mmlipe kwa moyo mweupe. Ihesabuni kuwa ni ujira wa shangazi aliye mbali. Lakini nendeni wawili, msikilize wawili, mtie sahihi wawili. Kazi inakabidhiwa. Uamuzi haukabidhiwi, na msamaha ndio kabisa.

Isiyo njema ni njia ya tatu, na ndiyo tuliyoipita sisi: mmoja afanye kazi, wote wawili wajisifu, na mmoja alaumiwe. Njia hiyo ni mbaya kwa wakala na ni mbaya bila wakala. Nayo haiishii kwenye fungate. Baadaye itakuja shule ya watoto, itakuja nyumba, itakuja fedha ya kutuma kwetu. Tiketi ya fungate ni mara ya kwanza tu ambapo watu wawili huonyeshana watakavyolitumia neno "sisi".

Wiki mbili zilipopita vijana walirudi. Safari hii walipanda ngazi wakizungumza. Tukawaambia haya yote, kwa maneno machache kuliko tuliyowaandikia ninyi. Binti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kijana alitaka kujitetea, kisha akaacha, akamwuliza mchumba wake, "Keki nayo ilikuwa kazi kubwa kiasi hicho?" Hakujibiwa. Alimiminiwa chai.

Walikwenda kwa wakala pamoja, Jumamosi iliyofuata, wakachukua fungu moja la ndege na hoteli, mkataba mkononi. Kijana bado anatukumbusha kila tukionana kwamba tumemgharimu euro 150, na sisi humjibu kwamba tuliwahi kuokoa 200. Siku tatu za mwisho hawakuzilipia mtu. Watavuka kwenda Tanga, ambako akina shangazi wamekwisha kugombania nani atapika siku gani. Huko hawataulizwa chochote.

Labda msomaji anataka kujua tulivyopatana sisi kule Paje. Hapakuwa na jambo kubwa. Asubuhi ya siku ya nne maji yalikuwa yamekupwa mbali, tumekaa barazani, chai inapoa. Yule aliyelaumu akasema, bila kugeuka, "Tulikata tiketi mbaya."

Aliyekesha siku tatu akaisikia ile herufi ikirudi mahali pake. Akamimina chai nyingine.

Tunawatakia wote wanaofunga ndoa mwaka huu fungate njema.

Wasalaam,
Sisi wawili wa Berchem